Spika Huja na Chumba: Kuchagua kati ya Hedifoni na Monita katika Kuchanganya Muziki

Wimbo ulionifunza jambo hili ulikuwa wa kwaya, na doh yake ilikuwa B-flati. Ninautaja ufunguo mapema kwa sababu, kama nitakavyoeleza, ulikuwa na uhusiano wa moja kwa moja na chumba nilichofanyia kazi, na kwa muda mrefu nilikuwa nikitafuta kosa mahali ambapo halikuwepo. Kwanza nilidhani kosa liko kwenye spika. Nilipoacha kuzilaumu spika nikadhani liko masikioni mwangu, na hiyo ni dhana inayomtesa mtu anayejipatia riziki kwa masikio yake.

Chumba chenyewe kilikuwa ndani ya nyumba ya kupanga, Tabata, Dar es Salaam: mita 3 kwa mita 3, kuta za matofali ya saruji zilizopigwa plasta, sakafu ya saruji, dirisha moja la nondo na wavu wa mbu, na dari nyembamba chini ya bati, kimo cha mita 2.8 hivi. Meza yangu niliiweka karibu kabisa na katikati ya chumba ili waimbaji wapate njia ya kupita nyuma yangu kwenda kwenye benchi lililoegemea ukuta. Juu ya meza zilikaa monita mbili za inchi 5, yaani spika zilizotengenezwa kwa kazi ya studio, ambazo nilizinunua baada ya kuweka akiba kwa zaidi ya mwaka. Nilikuwa ninaamini, kama vijana wengi wanaoniuliza leo wanavyoamini, kwamba mtu mwenye monita ameshakuwa fundi mitambo, na mwenye hedifoni peke yake bado yuko njiani.

Siku ya kuuchanganya wimbo ule, yaani kuzipima na kuzipanga sauti zake zilizorekodiwa ziwe wimbo mmoja, gitaa la besi lilikuwa likionekana vizuri kwenye kioo cha kompyuta, lakini pale kwenye kiti changu lilikuwa linakuja na kupotea. Noti nyingine zilisikika. Ile ya nyumbani, doh yenyewe, ilikuwa ikizama kila ilipoguswa. Nikaiongeza besi desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kisha 3 nyingine. Mwimbaji mmoja wa sauti ya tena (tenor, sauti ya juu ya wanaume), aliyekuwa amekaa kwenye benchi nyuma yangu, akaniambia kwa upole, "Kaka, mbona huku nyuma besi inavuma sana?" Nikamjibu kwamba huko ukutani si mahali pa kusikilizia. Lile lilikuwa kweli, ila sikujua kwamba hata pale nilipokaa mimi hapakuwa mahali pa kusikilizia.

Jumapili iliyofuata wimbo ulipigwa kanisani kupitia spika kubwa. Kila besi ilipoifikia doh, viti vya plastiki vilitetemeka, na ubeti wa pili, ambao ndio uliobeba ujumbe wote, ulifunikwa. Jioni mwalimu wa kwaya alikuja nyumbani. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kimya kidogo kisha akasema, "Mwanangu, gitaa watu wamelisikia. Maneno hawajayasikia." Hakudai fedha yake wala hakupandisha sauti, na ndiyo maana maneno hayo yamekaa nami hadi leo.

Maelezo niliyapata baadaye, nilipojifunza kupiga hesabu ya chumba. Katika hewa yenye nyuzi joto 30, ambayo ni hali ya kawaida ya chumba kile wakati wa mchana, sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde. Igawanye kasi hiyo kwa urefu wa chumba mara mbili, yaani mita 6, utapata 58. Hayo ni masafa, kwa hezi, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, ambayo nusu ya wimbi lake huenea barabara kutoka ukuta mmoja hadi ule unaoutazama, kiasi kwamba wimbi linaporudi hujikuta lenyewe njiani na kusimama. Wimbi lililosimama namna hiyo hujaza nguvu kwenye kuta na kuacha utupu katikati. Sasa, B-flati ya chini kwenye gitaa la besi, ile ya waya wa A ukibanwa mahali pa kwanza, ina hezi 58.27. Wimbo, chumba na kiti changu vilikuwa vimekutana kwenye namba moja. Yule ndugu wa tena, aliyeuegemea ukuta, alikuwa amekaa penye nguvu yote, nami nilikuwa nimekaa penye utupu nikiongeza kile ambacho tayari kilikuwepo. Ubaya ulizidi kwa sababu chumba kilikuwa mraba: upana ulirudia kosa la urefu, na masikio yangu, nikiwa nimekaa, yalikuwa karibu na nusu ya kimo cha dari, kwa hiyo hata wima palikuwa na utupu wa masafa ya jirani.

Tangu nilipoielewa hesabu hiyo, swali la kuchagua kati ya hedifoni na monita limebadilika sura kwangu. Spika hainunuliwi peke yake. Sauti inayofika sikioni ni ya spika na ya kuta nne, sakafu, dari, meza na kabati kwa pamoja, na katika chumba kidogo kisichotayarishwa kuta hushinda spika, hasa chini ya hezi 200 au 300 hivi. Kama ningenunua monita za bei mara nne ya zile, zingeniletea utupu ule ule pale pale. Kuna na jambo la pili, la ukuta ulio nyuma ya spika: sauti ya chini huizunguka spika, hugonga ukuta na kurudi, na spika ikiwa nusu mita kutoka ukutani, ile inayorudi hupingana na ile inayotoka karibu na hezi 175, mahali ambapo sauti za wanaume wa kwaya hupata unene wake. Fundi asiyejua hilo atachukua ekolaiza, chombo cha kupandisha au kushusha masafa fulani, na kuziongezea sauti hizo unene usiohitajika, na wimbo utatoka chumbani ukiwa umevimba.

Hapa niseme neno kuhusu trei za mayai, kwa sababu nimeziona zimebandikwa kwenye studio nyingi za mitaani, na mimi mwenyewe nilizibandika. Trei hupunguza kidogo mlio wa sauti za juu, ule unaosikika ukipiga makofi katika chumba kitupu, na kwa besi hazifanyi lolote. Wimbi la hezi 58 lina urefu wa mita 6 hivi. Kitu cha nyuzinyuzi hukamata wimbi vizuri kinapofikia unene wa karibu robo ya urefu wake, na robo ya mita 6 ni mita 1 na nusu. Karatasi ya trei haiwezi hata kulikwaruza wimbi hilo. Nilichofanya hatimaye ni kujaza sufi kwenye magunia na kuyapanga kwenye pembe za chumba kuanzia sakafuni hadi darini, kwa kuwa pembeni ndiko besi hujikusanya. Yalisaidia, ingawa hayakumaliza tatizo. Atakayenifuata katika hilo akumbuke kwamba sufi hushika moto upesi sana, kwa hiyo nyaya za umeme na soketi zikae mbali nayo. Kilichosaidia kuliko magunia hakikunigharimu hata shilingi: nilisogeza kiti. Mafundi wengi huanzia takriban asilimia 38 ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa mbele, ambayo kwa chumba changu ilikuwa mita 1 na sentimita 14, na kutoka hapo husogea kidogo kidogo huku wakisikiliza. Besi ilirudi siku ile ile.

Kabla sijayajua hayo, hata hivyo, niliyakimbia. Baada ya aibu ya kanisani nilizifunika monita kwa kitambaa na kununua hedifoni zilizofungwa mgongo, nikaapa kutosikiliza tena kuta. Kwa miezi kadhaa nilikuwa na furaha ya mtu aliyehama nyumba yenye kelele. Hedifoni haina chumba. Besi inayosikika ndani yake ni ile iliyomo kwenye wimbo, kwa kiwango ambacho monita za inchi 5 haziwezi kukifikia, kwani nyingi za kimo hicho huanza kuishiwa nguvu kwenye hezi za 50 na kitu, wakati hedifoni nzuri hushuka hadi karibu na hezi 20. Anayetengeneza singeli au amapiano, ambako ngoma ya chini ndiyo roho ya kazi, huona tofauti hiyo mara moja. Pumzi ya mwimbaji, mkwaruzo wa waya, mahali ambapo rekodi mbili zimeunganishwa vibaya, vyote husikika kwenye hedifoni kama vile umeviwekea kioo cha kukuzia.

Kuna na mambo ya maisha yetu ambayo maelezo yaliyoandikwa na watu wa studio kubwa hayayataji. Umeme ukikatika, monita hunyamaza, lakini kompyuta mpakato yenye betri huweza kuendelea kuilisha hedifoni kwa saa kadhaa. Mvua ikinyesha juu ya bati, hakuna uamuzi unaoweza kufanyika kwa spika. Feni, ambayo bila yake chumba hakikaliki mwezi wa Februari, huvuma na kuufunika mkia wa mwangwi unapofifia. Na jirani aliyetoka zamu ya usiku ana haki ya kulala mchana. Sehemu kubwa ya kazi zangu za miaka ile ilifanyika ndani ya hedifoni kwa sababu hizo tu, kabla hata ya kufika kwenye suala la ubora.

Lakini kwaya ya pili niliyoichanganya kwa hedifoni peke yake ilirudi na lawama nyingine. Safari hii besi ilikuwa imetulia. Mwimbaji kiongozi ndiye aliyekuwa amezama nyuma ya wenzake, na kwaya nzima, yenye watu zaidi ya 30, ilisikika kama imesongamana mlangoni. Kwenye hedifoni nilikuwa nimemsikia kiongozi waziwazi, na watu wangu wamepangika kwa nafasi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba sikuwa nimekosea kusikia. Nilikuwa nimesikia sawasawa kitu ambacho msikilizaji wa spika hatakisikia kamwe.

Ukisikiliza spika mbili zilizopangwa vizuri, wewe na spika hizo mkifanya pembetatu yenye pande sawa, kila sikio hupokea sauti ya spika zote mbili. Ile ya spika ya kushoto hulifikia sikio la kulia ikiwa imechelewa takriban robo ya milisekunde, kwa kuwa inakizunguka kichwa, na imepungua kidogo. Mwimbaji kiongozi huwekwa katikati, maana yake anatoka spika zote mbili kwa usawa, na kwa hiyo kila sikio linampokea mara mbili kwa tofauti hiyo ndogo ya muda. Robo ya milisekunde ni nusu ya wimbi la hezi 2,000, basi karibu na masafa hayo nakala mbili za sauti yake hupingana na kupunguzana. Eneo la hezi 2,000 ndilo linalobeba uwazi wa maneno. Kwenye hedifoni mpingano huo haupo: sikio la kushoto hupata cha kushoto tu, la kulia cha kulia tu, na mwimbaji wa katikati husimama mbele akiwa mzima. Nilimpunguza kwa sababu kwangu alikuwa anatosha. Kwenye spika za ukumbi akarudi nyuma hatua mbili.

Upangaji wa kwaya nao uliharibika kwa chanzo hicho hicho. Soprano niliyemweka kushoto kabisa alisikika kwenye hedifoni kama mtu anayeninong'oneza sikioni, jambo lisilopendeza, nami nikamvuta ndani. Nikamvuta na alto, kisha watu wa tena, hadi wote wakakaribiana katikati. Mhandisi wa sauti Benjamin Bauer alilieleza tatizo hili la hedifoni mwaka 1961, na akapendekeza kuchanganya kidogo cha kushoto na cha kulia, kwa ucheleweshaji, ili hedifoni ifanane na spika. Leo programu nyingi hufanya kazi hiyo, nyingine zikiiga chumba kizima. Ninayo moja na ninaitumia, lakini kichwa kilichopimwa kuitengeneza si changu, na nikizima kisha nikaiwasha tena ninajikuta ninaamua mambo mawili tofauti kuhusu mwangwi ule ule. Mwangwi na nafasi ninavikadiria kwa spika.

Hedifoni zina na udhaifu wa mwilini ambao ni rahisi kuusahau. Zile zilizofungwa mgongo hutegemea mto wake ukae sawasawa kuzunguka sikio. Mkono wa miwani, misuko minene au hijabu ikiacha mwanya mdogo, besi huvuja na fundi huanza kuiongeza. Nimeona mtu akichanganya wimbo mmoja kwa siku mbili, siku ya pili akiwa amesuka, na akashangaa besi imekwenda wapi. Zilizo wazi mgongoni, mfano Sennheiser HD 600 iliyotoka mwaka 1997, huleta nafasi ya asili zaidi na haziumizi kichwa kwa joto, ila huwezi kuzitumia kurekodia mwimbaji kwa sababu sauti yake hutoka nje na kuingia kwenye maikrofoni. Kwa kurekodi ninashika zilizofungwa. Sony MDR-7506, iliyoko sokoni tangu mwaka 1991, nimeikuta kwenye studio za kila hali. Na kabla ya kununua hedifoni za omu 250, yaani zenye ukinzani mkubwa wa umeme, mtu ahakikishe kifaa chake kina nguvu ya kuzisukuma, kwani kwenye simu zitanong'ona tu.

Kila ninapoyaeleza haya, mtu huniuliza ni spika ipi inayosema kweli. Ninamjibu kwa habari ya spika iitwayo NS-10. Yamaha waliitoa mwaka 1978 wakiikusudia kwa wasikilizaji wa nyumbani. Huko nyumbani haikupendwa, lakini studio za Marekani, Uingereza na kwingineko ziliichukua, na koni yake nyeupe ikawa inaonekana juu ya meza za mafundi kila mahali hadi kampuni ilipoacha kuitengeneza mwaka 2001. Haikuwa spika tambarare, yaani inayotoa masafa yote kwa usawa: besi yake ilikuwa haba, sauti za kati zilisukumwa mbele, na za juu zilikuwa kali kiasi kwamba mafundi walibandika karatasi laini ya chooni mbele yake. Hata hivyo boksi lake lilikuwa limezibwa, lisilo na tundu la besi, kwa hiyo noti ilipokoma nayo ilikoma upesi bila kuacha mkia. Tena kila fundi aliijua. Aliyeingia studio ya mji mwingine aliikuta pale na akajua kwamba sauti ya mwimbaji ikikaa vizuri humo, itakaa vizuri kwenye redio. Ninavyoiona mimi, ujuzi huo wa muda mrefu wa kifaa kimoja una thamani kuliko grafu yoyote iliyochapwa kwenye boksi, na ndio sababu ninawasihi wenzangu waache kubadilisha vifaa kila mwaka.

Kiwango cha sauti ni suala ambalo ningependa lijadiliwe kwa uzito mkubwa kuliko chapa za vifaa. Mwaka 1933 Fletcher na Munson, watafiti wa maabara za Bell, walionyesha kwamba sikio halisikii masafa yote kwa usawa, na kwamba sauti inaposhushwa, besi hupungua masikioni haraka kuliko sauti za kati. Anayechanganya kwa kelele kubwa husikia besi nyingi, akaipunguza, na wimbo ukipigwa kwa sauti ya kawaida nyumbani unakuwa mkavu. Kwenye hedifoni hatari ni ya afya pia, kwa sababu mkono hupandisha sauti bila mwili kupata onyo lolote kifuani. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza ukomo wa desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda unapungua kwa nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2. Ninamjua fundi mahiri ambaye sasa anasikia mlio usiokoma katika sikio lake la kushoto. Ninapofanya kazi kwa hedifoni, kila baada ya dakika 40 huzivua na kutoka nje.

Leo ninagawanya kazi. Usafishaji wa rekodi, uunganishaji, ekolaiza za kina na uamuzi wote wa besi ya chini ninaufanya kwenye hedifoni. Kisha ninawasha monita kwa sauti ya chini, kiwango ambacho mtu anaweza kuongea juu yake bila kujitahidi, na hapo ninaamua mwimbaji kiongozi awe wapi, kwaya itandazwe vipi na mwangwi uwe kiasi gani. Mwisho ninaupeleka wimbo wanakoishi wasikilizaji: kwenye simu, kwenye sabufa ya sebuleni na, nikipata nafasi, kwenye bajaji. Spika ya simu haiwezi kutoa hezi 58 hata kidogo, lakini gitaa la besi likiwa na sauti zake za juu zenye afya, zile za hezi 117 na 175, ubongo wa msikilizaji hujaza noti ya chini wenyewe. Huo ni uamuzi ambao hedifoni nzuri wala monita nzuri haziwezi kunionyesha kwamba unahitajika.

Kwa kijana mwenye fedha kidogo, basi, ninasema anunue hedifoni nzuri kwanza, na fedha inayofuata iende kwenye chumba kabla ya kwenda kwenye spika. Ninajua wengi hawalipendi jibu hilo, kwa sababu magunia ya pembeni hayapendezi kwenye picha kama monita zinavyopendeza.

Mwezi huu ninahamia chumba kingine. Kabla ya kulipa kodi nilikwenda na futi kamba, mwenye nyumba akanitazama bila kuuliza. Urefu ni mita 4.2, upana 3.1, kimo 2.7, hesabu inatoa hezi 41 na nusu, 56 na 65, namba tatu zilizoachana. Monita bado ziko ndani ya maboksi yake hadi nitakapozungusha kiti na kupata mahali pake. Hedifoni ziko mezani, na mwalimu yule yule wa kwaya ameshaniletea wimbo mpya, doh yake ikiwa G.